Kitambaa cha Kupimia Hewa ya Tukuyu

Vijana wangu wa forodha, mkiletewa robota la vitambaa msianze kwa kusoma kilichoandikwa juu yake. Robota husema anachotaka mwenye robota. Toeni jora moja, mlifungue, mligeuze, mtazame mgongo wake. Nguo iliyochapwa mistari hung'aa mbele na kufifia nyuma. Nguo iliyofumwa kwa nyuzi zilizotiwa rangi kabla, mistari yake ni ileile pande zote mbili. Kwenye kitabu cha ushuru hizo ni nguo mbili tofauti, na ukizichanganya utaitwa ofisini.

Mimi niliitwa. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, nina cheti cha kidato cha nne na suruali yenye mkunjo wa pasi, nikaandika mzigo mzima wa vitambaa vya mashati kwamba vimechapwa. Mzee Anyosisye, aliyenifundisha kazi hii, alivuta jora moja akaligeuza mbele ya dereva wa lori na makuli wote.

"Gwe," akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha Kinyakyusa, "mistali hii imechapwa na nani? Nguo ina mgongo kama mtu. Ukitaka kujua mtu kama ameoga, usimtasame uso!"

Makuli walicheka mpaka wakakaa juu ya mzigo. Nilinuna siku mbili, lakini sikukosea tena.

Mmeniandikia mnataka kumbukumbu zangu, na mmesisitiza niweke vichekesho. Nitaviweka. Ila nitawaeleza pia habari za Zuhura, na nafasi moja ya kazi tuliyoitaka watu wawili, yeye na mimi. Hicho si kichekesho. Nimekizungukia muda mrefu, na nimeona kwamba siwezi kuwafundisha kupima kitambaa bila kumtaja.

Kwanza mjue wakati wenyewe. Ninyi mmezaliwa maduka yamejaa. Sisi tulikulia kwenye foleni, khanga moja inagombewa na kina mama watano. Halafu ikaja ruksa. Milango ya biashara ikafunguliwa, na malori yakaanza kupanda kutoka mpaka wa Malawi yakiwa yamejaa majora. Ofisi yetu pale Tukuyu ilikuwa vyumba viwili na bohari, paa la bati, na kazi yetu ilikuwa kukagua mizigo kabla haijaendelea Mbeya au kubaki soko la mjini. Kabla ya ruksa tuliona kitambaa kwa msimu. Baada yake tulilala tukiota vitambaa.

Na haikuwa pamba tupu. Kulikuwa na mchanganyiko wa kila aina, pamba na tetroni, tetroni na pamba, na vingine ambavyo hata aliyevifuma nadhani alikuwa amesahau alitia nini. Kitabu cha ushuru kilitaka majibu manne. Pamba ni kiasi gani? Kitambaa kina uzito gani kwa mita ya mraba? Kimefumwaje? Kimetiwa rangi namna gani? Ukikosea jibu moja, mzigo unaangukia mstari usio wake na kutozwa ushuru usio wake.

Jibu la kwanza tulilitafuta kwa kiberiti. Unachomoa uzi wa mtande, ule unaokwenda na urefu wa jora, na uzi wa mshindio, ule unaokatiza. Unachoma kila mmoja peke yake. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, jivu lake ukilipuliza linapotea. Tetroni hujikunja na kuyeyuka, huacha kidonge cheusi kigumu. Ukichoma uzi mmoja tu umejidanganya, maana wapo wafumaji wanaoweka pamba huku na tetroni kule. Kiberiti kilituambia kilichomo, na kiasi chake kamili tuliuliza maabara ya Dar es Salaam.

Kazi hii huingia kwenye damu. Nilikuwa kanisani, mzee wa mbele yangu amevaa koti jipya, nikajikuta nalivuta ncha kwa vidole viwili. Akageuka katikati ya sala: "Ndugu yangu, unatafuta nini huko?" Nyumbani mke wangu alinikuta nachomoa uzi kwenye shuka la wageni, kiberiti mkononi. Tangu siku hiyo viberiti vya nyumba yetu alivitunza yeye, ndani ya kopo, jikoni.

Jibu la pili lilitaka mizani. Tulikata kipande cha nusu mita kwa nusu mita, tukakipima, tukazidisha mara nne. Mpaka ulikuwa gramu mia mbili. Chini ya hapo kitambaa ni chepesi, juu ya hapo ni kizito, na wakati ule kizito kilitozwa zaidi. Tulikuwa na mizani nzuri ya shaba ndani ya sanduku la kioo, na mimi ndiye niliyeshika ufunguo wake. Msicheke. Mtu asiye na gari hujivunia ufunguo wowote.

Sasa, kuna kitu hakikuandikwa kwenye kitabu, nacho ni mvua ya Tukuyu. Mnaijua. Miezi fulani kiberiti hakiwaki mpaka ukisugue kwenye nywele, chumvi inageuka uji ndani ya kopo, na viatu ulivyoviacha mlangoni Jumamosi vina ukungu Jumatatu. Katika miezi hiyo nilipima kitambaa cha sare za shule. Kipande kilisoma gramu hamsini na mbili. Mara nne ni mia mbili na nane. Kizito, nikaandika, nikagonga mhuri. Mwenye mzigo akalalamika, kipande kikapelekwa maabara, kikarudi kimebanwa karatasi kwa pini: gramu arobaini na tisa. Mara nne ni mia na tisini na sita. Chepesi.

Mkuu wa kituo aliniuliza kama naona vizuri. Nikapima tena mbele yake, mizani ikasema hamsini na mbili. Akapima yeye, hamsini na mbili. Tukaitazama ile mizani kama mbuzi aliyetamka neno.

Zuhura ndiye aliyesema. Alikuwa na miezi mitatu ofisini, mtumishi wa muda, kazi yake kunakili fomu. Alikuwa binti wa Ibighi, baba yake aliuza vitambaa sokoni, naye alikua akilala juu ya majora kama wenzake walivyolala juu ya magodoro. Elimu yake ilikuwa darasa la saba. Alinyanyua kichwa kutoka kwenye fomu akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, kaka. Nguo imelowa."

"Imelowa wapi? Ishike, ni kavu," nikamjibu.

"Mkononi ni kavu. Lakini pamba inakunywa hewa. Dukani kwa baba, jora la masika ni zito kuliko jora la kiangazi, na ni lilelile. Tetroni hainywi. Huko Dar wameipumzisha kwenye chumba cha hewa ya kawaida, ndiyo maana imepungua."

Mkuu wa kituo alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye, na macho yake yakabaki huko. Pale kitu kilinishika. Vijana, sitaki kukipamba. Ulikuwa ni wivu, na haukunitoka tena.

Ingekuwa heri angeishia hapo. Wiki iliyofuata alikuja na njia. Alichukua kile kipande kilichorudi kutoka maabara, na karatasi yake ya gramu arobaini na tisa, akakitundika kwa kibanio karibu na mizani. Kila asubuhi, kabla ya kupima chochote, alipima hicho. Kikisoma hamsini na moja, alijua hewa ya leo imeongeza gramu mbili, akazitoa kwenye kila kipande cha aina ile. Kikisoma hamsini, alitoa moja. Mzee Anyosisye alikiita kitambaa cha kupimia hewa. Tulipeleka vipande sita Dar kuhakiki, na vyote sita vilirudi na namba zake Zuhura. Akaachishwa fomu, akapewa meza ya ukaguzi.

Mmeshaona kilichoniuma? Kile kitambaa kilikuwa kosa langu. Aibu yangu ilitundikwa ukutani ikawa chombo cha sifa zake, na kila asubuhi niliiona.

Mimi nilijifunza kwa Mzee Anyosisye miaka sita. Nilimbebea mkoba, nilimchekea hata hadithi zake za mara ya kumi. Siku ya kumuaga alisimama, akashukuru, akamtaja Kyala Mungu wake, kisha akasema, "Siogopi kuondoka. Nawaachia Suhula." Suhula, ndiye Zuhura! Jina langu hakulitaja. Nilipiga makofi na wengine, na viganja viliniuma.

Madereva nao, wakifika getini: "Mama wa vitambaa yupo?" Wananiona nimesimama hapo na ufunguo wangu, wananiuliza mimi kama yupo. Alinisalimia vizuri kila siku, aliniletea maandazi siku ya Idi, na maandazi yenyewe yalikuwa matamu, jambo lililozidi kunikasirisha. Niliyatafuta makosa yake kama mtu anayetafuta chawa. Alikuwa na kawaida ya kusugua kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akifumba macho, na kutaja uzito kabla ya mizani. Alikuwa akikosea kwa gramu moja au mbili tu. Nilimwambia mbele ya watu, "Dada Zuhura, hapa ni forodha, si dukani kwa baba yako. Hapa tunaandika namba, hatuandiki vidole." Watu wakacheka. Naye akacheka, lakini akaanza kuficha mkono.

Nyumbani nilikuwa nikimsema kila siku. Zilipopita wiki kadhaa, mke wangu akaniambia, "Baba Bupe, kuna khanga nimeiona sokoni imeandikwa mwenye wivu ajinyonge. Nikununulie?"

Halafu ikaja barua. Ndugu zangu, ruksa ilikuwa na mikono miwili. Mmoja ulileta majora, mwingine ulipunguza watumishi wa serikali. Mkuu wa kituo alituita sote wawili akatusomea: ofisi itabaki na mkaguzi mmoja wa vitambaa, wa kudumu. Mwingine ataondoka. Jina atalipeleka mwisho wa mwezi.

"Wewe una cheti na miaka," mkuu wa kituo aliniambia baada ya Zuhura kutoka. "Yeye ana kazi. Nimeandika kuomba asamehewe cheti."

Nilikuwa na watoto watatu. Hiyo ni kweli, lakini nisiwadanganye kwamba niliwafikiria watoto. Nilifikiria madereva wakiuliza getini, na mimi nikiwa kule Ikuti, kwenye migomba ya baba, nikisikia kwamba Mama wa vitambaa amepewa meza yangu.

Sampuli ya zile sare za shule ilikuwa imebaki bohari, karibu mita mbili, nami nilijua iko wapi. Siku moja mchana, mvua ikipiga bati, Zuhura alikwenda chumba cha nyuma kuswali adhuhuri kama kawaida yake. Alitandika mkeka wake kule, na nilijua sala yake inachukua muda gani. Nilikuwa nimeshakata kipande kipya kutoka kwenye ile sampuli, rangi ileile, kitambaa kilekile, ila kilizidi sentimita moja upande huu na sentimita moja upande ule. Kwa jicho huwezi kukiona. Kwa mizani kinazidi gramu mbili. Nikahamisha ile karatasi ya maabara na pini yake, nikatundika changu, nikatia chake mfukoni. Nilikaa kwenye kiti kabla hajamaliza. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa meza ya pili kutoka kwake.

Kesho yake uliingia mzigo wa vitambaa vya suruali, pamba iliyochanganywa na tetroni kwa kiasi kilekile cha zile sare, wa mfanyabiashara mmoja wa sokoni aliyeswali msikiti mmoja na baba yake Zuhura. Hilo sikulipanga. Lilinisaidia tu.

Alipima kitambaa cha kupimia hewa, kikasoma hamsini na mbili. Akaona hewa ya leo imeongeza gramu tatu. Hakushtuka, maana mvua ilikuwa haijakatika. Akapima kipande cha mzigo: hamsini na mbili. Toa tatu, arobaini na tisa. Mara nne, mia na tisini na sita. Chepesi. Akashika kalamu, akaiweka chini. Akakisugua kile kipande, macho amefumba. Akakisugua tena. Kisha akanigeukia. Angeweza kumgeukia mkuu wa kituo, lakini alinigeukia mimi.

"Kaka, mkono wangu unasema ni kizito. Mizani inasema chepesi. Ungekuwa wewe ungeandika nini?"

Kipande changu kilizidi kile halali kwa gramu mbili, kwa hiyo hesabu ya kweli niliijua. Hewa ilikuwa imeongeza moja tu. Kitambaa kilikuwa na hamsini na moja, mara nne mia mbili na nne. Kizito, kama mkono wake ulivyosema. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja.

"Dada," nikamwambia, "tulishakubaliana. Tunaandika namba."

Akaandika chepesi, akatia sahihi.

Jioni nilimwendea mkuu wa kituo nikamwambia kwa upole, kama mtu anayejali ofisi, kwamba ule mzigo ni mkubwa na ingefaa sampuli iende Dar. Akanisifu kwa uangalifu wangu. Zuhura alipoondoka kwenda nyumbani, nikarudisha kitambaa chake halali mahali pake, na karatasi yake. Changu nilikwenda nacho nyumbani, nikakichoma jikoni wakati mke wangu ametoka.

Majibu yalirudi: gramu hamsini na moja. Mkuu wa kituo aliita watu wote. Zuhura alisimama. Aliomba kitambaa cha kupimia hewa kipimwe, kipimwe na ukubwa wake, mbele ya kila mtu. Kikapimwa. Nusu mita kwa nusu mita, hakuna ziada. Kikasoma hamsini, siku yenye mvua kama siku ile ya mzigo.

"Siku ile kilisoma hamsini na mbili," alisema. "Nilikiona kwa macho yangu. Kaka, na wewe ulikuwepo."

Nikasema sikuangalia mizani.

Alinigeukia. Sikuona kwamba ananishuku. Aliona aibu kwa ajili yangu, kwa kuwa nilikuwa karibu hivyo na sikuona. Ndivyo alivyokuwa mtu yule.

Hakuna aliyemshtaki kwa karatasi. Mkuu wa kituo alifuta tu ile barua ya kuomba asamehewe cheti, akaandika jina langu. Lakini mjini maneno hayahitaji karatasi. Ilisemwa sokoni kwamba binti amekula, kwamba amepunguza uzito kwa ajili ya mtu wa msikiti wao. Baba yake, aliyekuwa akikaa mbele ya duka akisalimiana na kila mpita njia, alihamishia kiti chake ndani. Miaka michache baadaye alifariki, na yale maneno hayakuwa yamefutwa. Nilikwenda mazikoni. Nilisimama nyuma.

Mimi nikaendelea na kazi. Ninyi mlionikuta mnajua mengine. Mlinikuta na njia ya kitambaa cha kupimia hewa, niliyowafundisha mmoja mmoja, na siku ya kuniaga mwenzenu mmoja alisimama akasema kwamba ni ugunduzi wa Mzee wenu, yaani mimi, kwamba kabla ya mashine zenu za sasa Tukuyu ilipima vizuri kuliko vituo vikubwa. Mkanipigia makofi, mkanivika mgolole. Nikainama kushukuru.

Mmeniona mara nyingi nikiwakaripia kwa sababu mnategemea mashine. Mlidhani ni uzee. Ni wivu huohuo, umekosa mtu umehamia kwenye mashine.

Barua yenu ilipofika nilianza kuandika sura ya vipimo. Nilifika pale panapotakiwa jina la aliyegundua, kalamu ikagoma. Niliandika langu, nikalikata. Niliacha nafasi, ikanitazama siku nne. Siku ya tano nikavaa koti nikaenda Ibighi.

Bi Zuhura sasa anashona sare kwenye baraza ya nyumba ya baba yake. Nilipiga hodi, akanikaribisha, akamwambia binti yake alete chai. Tuliulizana hali, watoto, bei ya chai shambani, magoti. Sikuweza kulizungukia jambo zaidi. Niliweka kikombe chini nikasema, "Kile kitambaa nilikibadilisha mimi. Siku ya ule mzigo wa suruali. Nilikata kingine kikubwa kidogo, nikakutundikia wakati unaswali."

Cherehani ilisimama. Alikuwa ameshika nguo chini ya sindano na hakuiachia.

"Kilisoma hamsini na mbili," akasema.

"Kilisoma hamsini na mbili. Cha kwako kingesoma hamsini."

Midomo yake ilisogea bila sauti, nikaelewa anafanya hesabu. Alitoa, akazidisha, akafika.

"Mia mbili na nne. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa."

"Nimekaa miaka yote hii," alisema polepole, "najua sikula. Lakini nilidhani nilisoma vibaya. Nilidhani baba alihamia ndani kwa sababu ya macho yangu."

Nilianza kusema nisamehe, akanyanyua kiganja kunizuia. Hakutaka hilo, au hakulitaka kwanza. Aliita ndani, "Mwanangu, njoo. Na wifi yangu mwite." Wakatoka wawili. Akaniambia, "Rudia."

Nikarudia. Safari hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu binti alisimama wima akinitazama kinywani.

Mama mmoja wa Ikuti alikuwa akipita njiani na ndizi kichwani. Bi Zuhura akamwita kwa jina. Mama akapanda barazani, akatua mzigo, akasalimia. "Mwagonile." Tukaitikia. "Keti kidogo," Bi Zuhura akamwambia, "umsikilize mzee huyu." Kisha kwangu: "Rudia."

Nikarudia tena, mambo ya sentimita na gramu, na yule mama alisikiliza kichwa ameinamisha kama yuko kanisani. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo huyu mama hakula?"

"Hakula."

"Na ile akili ya kupima hewa tuliyosikia ni yako, ilikuwa ya nani?"

"Yake."

"Ndaga, tata," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Umechelewa fijo, umechelewa sana. Lakini umesema."

Bi Zuhura alikunja ile nguo aliyokuwa anashona, akailaza mapajani. "Ijumaa baada ya sala," akaniambia, "ndugu wote wa marehemu baba watakuwa hapa. Na wa sokoni nitawaita. Utakuja, useme hivihivi, kwa sauti."

Nikasema nitakuja. Hakuna aliyenitazama wakati najibu. Wote watatu walikuwa wamemgeukia yeye, yule binti amemshika bega, yule mama wa Ikuti anatikisa kichwa kwa kustaajabu, na Bi Zuhura amekaa katikati yao mgongo umenyooka. Hata chai ilikuwa haijapoa tangu nimrudishie jina lake, na tayari nilikuwa namwonea wivu kwa kuwa nalo.